Kufuli la Mpangaji

Paskazia alipopata nyumba yake hakumwambia mtu kwamba anaogopa. Alipaka geti rangi ya bluu, akatundika kengele ya ng'ombe badala ya ile ya umeme, akaanza kuitikia shikamoo kwa sauti nzito kidogo kuliko aliyozaliwa nayo. Watu wa Nyasubi walicheka chinichini. Hapo Kahama mwenye nyumba mpya utamtambua kwa geti linalonuka rangi na mdomo unaotoa sheria, na Mama Loveness, kama mtaa ulivyomwita kwa jina la binti yake aliyeolewa Bukombe, alikuwa navyo vyote.

Lakini tusimcheke sana. Mwanamke huyu alikula moshi na jua la Nkome miaka mingi, akianika dagaa kwenye mchanga, akifukuza kunguru, akipakia magunia kwenye malori ya kwenda Kahama. Mume alimfia mapema. Maisha yake yote ya biashara alilala kwenye vyumba vya watu, na kila alipopanga alikuta mwenye nyumba wa kumtia adabu: huyu anazima taa anapotaka, yule anafungua dirisha kuchungulia nani kalala na nani. Akaapa kwamba akijenga yake, mpangaji wake ataishi kama binadamu, mradi tu asimletee uchafu. Uchafu hakuuweza. Mtu aliyenuka dagaa nusu ya umri wake ana haki ya kuchukia harufu.

Na kwenye kiwanja alikuwa makini kuliko wanaume wengi. Alimtaka muuzaji aje na mkewe, na mke aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali kuuza. Akawaita majirani wa pande zote wasimame kwenye mipaka. Akaenda ofisi ya ardhi kuuliza kama kiwanja kina kesi au kimewekwa rehani. Dalali akachoka, akamwuliza, "Mama, unanunua kiwanja au unaoa?"

"Naoa," akamjibu. "Na sitaki kesho niambiwe mke ana mume mwingine."

Shida ni kwamba umakini wote ule aliumalizia kwenye udongo. Watu aliwapokea kwa macho tu. Mpangaji akija na adabu, akalipia, alipewa chumba na kuambiwa anunue kufuli lake. Mkataba haukuwepo. Hakuuliza mtu kwao ni wapi, wala ndugu gani aitwe mambo yakiharibika. Mtu mzima anajijua, alisema, na wenye nyumba wenzake wote walisema hivyo hivyo, hasa kwa wachimbaji. Mchimbaji leo yupo. Kesho akisikia dhahabu imeonekana kwingine, hata chai haimalizi.

Thobias alikuwa mchimbaji, ila mpole. Alichukua chumba cha mwisho kwenye korido. Asubuhi aliondoka kimya, jioni alirudi mwekundu kwa vumbi kuanzia kope, na kabla ya kuingia ndani aliosha miguu bombani, maana alishaelewa mama mwenye nyumba ana ugonjwa gani. Alimwita Paskazia "mayu", kama watu wa kwao wanavyowaita mama zao. Paskazia ni Msumbwa wa Ushirombo, lakini neno hilo lilimwingia vizuri. Hakuwahi kumwuliza huko kwao ni wapi.

Kisha ikavuma rashi. Dhahabu imetoka porini upande wa Geita, inaokotwa juu juu, watu wanachimba kwa jembe la mkono. Habari za rashi huwa hazina mguu wala kichwa, lakini zina mbio. Siku hiyo hiyo vijana wa Nyasubi walipanda malori na pikipiki na beleshi zao. Thobias alipiga kufuli mlangoni kwake, akamwambia Martina, mpangaji wa chumba cha jirani aliyekuwa akiuza chapati getini, "Mwambie mayu natoka kidogo. Nikirudi nitalipa na ya mbele."

Hakurudi. Kodi yake ikaisha, ikapita nyingine na nyingine. Simu ikawa haipatikani. Paskazia akawa kila akipita koridoni analitazama lile kufuli, na lilizidi kumwudhi. Ulikuwa mlango wake, bati lake, saruji yake, na katikati yake kulikuwa na chuma cha mtu mwingine kinachomwambia usiingie. Wakati huo huo akaja mwalimu mmoja, Anisia, aliyehamishiwa shule ya karibu, mwenye kiti cha sofa na pazia la maua, yuko tayari kulipia nusu mwaka. Chumba kilichoweza kupatikana ni hicho kimoja tu.

Paskazia akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee Clemens alikuwa na mashine ya kusaga, na mashauri ya mtaa aliyasikiliza hapo hapo akiwa mweupe kwa unga.

"Usiguse," Clemens alimwambia kabla hajamaliza. "Chumba ni chako, ila alichokifungia humo si chako. Tuandike notisi tuibandike mlangoni. Muda ukipita, nenda baraza la ardhi wakupe amri. Halafu tufungue pamoja, mimi na mashahidi, kila kitu kihifadhiwe mpaka mwenyewe au ndugu zake watokee."

"Baraza, mwenyekiti? Kwa ajili ya godoro na sufuria?"

"Kwa ajili ya mtu. Unajua kwao?"

"Sijui."

"Basi ndiyo sababu." Clemens alizima mashine ili asikike vizuri. "Mama Loveness, ukivunja mlango wa mpangaji bila amri, siku akirudi akasema alikuwa na jiwe la dhahabu chini ya godoro, utamjibu nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Paskazia akasema nimekuelewa mzee, na kweli alielewa. Lakini njiani alikutana na wenye nyumba wenzake kwenye duka la saruji, akawaeleza, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Amri ya baraza! Mchimbaji aliyefuata rashi amejihamisha mwenyewe, kila mtu anajua. Mmoja akamwambia, "Wewe ukingoja barua, mwalimu anachukua chumba kwangu." Ni aibu kuwa mpya. Mtu mpya huogopa kuonekana mpya kuliko anavyoogopa kukosea, na Paskazia alirudi nyumbani akiwa ameshaamua.

Alimwita Gregory, fundi wa kuchomelea. Kufuli lilikatwa mara moja, cheche zikaruka koridoni, na Martina akasimama pembeni na unga wa chapati mikononi. Ndani palikuwa na joto la chumba kilichofungwa muda mrefu. Palikuwa na godoro chini, blanketi, nguo kwenye msumari, kandambili za tairi, sufuria moja, mswaki kwenye kikombe. Kunguni walikuwa wametamalaki. Paskazia alipowaona hakufikiri tena; alivuta godoro na blanketi na nguo mpaka nyuma ya nyumba, akamwagia mafuta ya taa, akachoma. Vilivyobaki vikaenda huku na huku. Siku iliyofuata chumba kilipigwa chokaa, na mwisho wa juma mwalimu Anisia alitundika pazia lake la maua.

Palitulia. Paskazia alianza kuamini kwamba amekuwa mwenye nyumba kamili.

Halafu asubuhi moja kengele ya ng'ombe ikalia getini. Alikuwa mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa mabegani, miguu imejaa vumbi la safari. Nyuma yake alisimama mwanamume wa makamo ameshika kofia yake mkononi.

"Mwangaluka, mayu," yule mama alisalimia.

"Mwangaluka. Karibuni."

"Ndiyo hapa kwa Mama Loveness? Geti la bluu?"

"Ndiyo mimi."

Yule mama akashusha pumzi, akamgeukia mwenzake. "Alisema kweli. Bluu." Kisha akapiga goti kidogo, kwa heshima ambayo Paskazia hakustahili. "Mimi ni Mama Thobias. Tumetoka Didia. Huyu ni shemeji yangu, Deogratias, baba mdogo wake Thobias. Mwanangu alisema amepanga kwa mama mzuri, hana kelele ila hapendi matope."

Paskazia akawakalisha kivulini. Alianza kutafuta maneno ya kueleza kwamba chumba kina mtu mwingine, akajiandaa kugombana, maana ugomvi ungekuwa nafuu. Lakini Mama Thobias hakuuliza chumba.

"Duara lilimfukia," alisema. "Lile shimo la dhahabu, huko kwenye rashi. Mwenzake mmoja alitoka, ndiye aliyetuletea habari. Wanasema ardhi iliendelea kuanguka, wakaogopa kuchimbua. Mwenye duara amekimbia. Shemeji yangu alikwenda mpaka pale, akaona shimo limejaa maji, na watu wanachimba pembeni kama hakuna kitu."

"Nimesimama juu yake," Deogratias alisema, akiiangalia kofia yake. "Ndivyo nilivyofanya. Nimesimama, nikarudi."

Paskazia akasema pole, na alikuwa na huzuni ya kweli. Alimkumbuka Thobias anaosha miguu bombani. Machozi yalikuwa yanakuja, ila maneno yaliyofuata yaliyakausha.

"Kwetu, mtu asipoonekana tunamzika kwa nguo yake," Mama Thobias alisema. "Tukikaa hivi, yeye anahangaika na sisi tunahangaika. Simalizi usiku. Nasikia anaita, nikienda mlangoni hayupo. Shemeji ameshapanga siku, ni Jumamosi. Nyumbani hakuacha kitu, kila alichokuwa nacho alikihamishia hapa. Nimekuja uniruhusu niingie chumbani kwake, nichukue nguo moja tu. Vitu vingine, kama ana deni lako, vibaki kwako."

Mwenye kusimulia habari hizi angetamani kusema kwamba Paskazia alisema kweli pale pale. Hakusema. Alitazama korido, akaona pazia la maua likipepea mlangoni kwa mwalimu, akaona macho ya yule mama yanafuata macho yake.

"Chumba nilikipangisha," alisema. "Lakini vitu vyake nimevihifadhi. Viko kwa ndugu yangu, mbali kidogo. Jumamosi nitakuja mwenyewe msibani. Nitaileta nguo."

Mama Thobias akashika mikono yake yote miwili. "Wabeja, mayu. Wabeja. Mungu akupe." Hakutaka hata chai. Kabla ya kuondoka aliomba kitu kimoja, asimame kwenye mlango ule. Akasimama, akaweka kiganja kwenye fremu, akaondoka. Deogratias aliaga kwa kichwa.

Martina alikuwa amesikia yote kutoka kwenye jiko lake la chapati.

"Utampelekea nini, Mama Loveness?"

"Nyamaza kwanza."

Paskazia akaanza kutafuta. Alikwenda nyuma ya nyumba, akapekua jivu kwa kijiti, akapata kifungo kilichoyeyuka na waya za kitu asichokijua. Alikwenda kwa Gregory, kwa kuwa alimlipa fundi huyo sehemu ya ujira kwa zile kandambili za tairi. Gregory alishaziuza kwa kijana mmoja, naye amehama. "Ulisema ni takataka, mama," Gregory alijitetea. Sufuria iko wapi? Alimpa mama mmoja aliyepita akiomba. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuyamwaga kwa bahati mbaya, aliyamimina. Alirudi jioni miguu inamwuma, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa hasira, anajilaumu yeye, anawalaumu wale wa duka la saruji, anamlaumu hata marehemu kwa kutoacha hata jina la kijiji.

"Kuna lile shati," Martina alisema.

"Shati gani?"

"La drafti, nyekundu na nyeusi. Hukulichoma. Ulisema pamba yake nzito, inanyonya maji." Martina alionyesha kwa kidevu. "Si ndilo unalodekia?"

Lilikuwa limening'inia kwenye mdomo wa ndoo, kijivu, halina rangi wala umbo. Paskazia alilitumia kila asubuhi kusukuma matope ya wapangaji wote. Alikuwa amesahau kabisa kwamba liliwahi kuwa na mikono na kola. Alilinyanyua kwa vidole viwili, kisha akalishika vizuri, akaliweka mapajani, akalikunjua. Chini ya uchafu, kwenye kola, palikuwa na mshono wa mkono, wa uzi mweusi, wa mtu asiye fundi.

"Mpelekee hivyo hivyo," Martina alisema. "Mwambie ukweli. Atakulaani, utatulia."

"Hivi?" Paskazia aliruka. "Nimpe mama wa watu tambara la miguu, akamzikie mwanawe? Una moyo gani wewe?"

"Nakwambia tu."

"Hapana. Hapana, Martina. Hata mimi nina utu."

Na utu wake akautia kwenye beseni. Alililoweka lile shati kwa sabuni ya unga, akalibadilishia maji mpaka maji yakatoka meupe. Akalisugua kwa brashi, kola na makwapa hasa, ambako uchafu ulikuwa umekaa kwa ukaidi kuliko kwingine, na hapo alitumia dawa ya madoa na nguvu zake zote. Akalianika juani, akaliloweka tena. Drafti ikarudi, nyekundu nyekundu, nyeusi nyeusi. Akapiga pasi ya mkaa. Akashona palipochanika kwa uzi wa rangi inayofanana. Lilipokunjwa lilikuwa kama nguo ya kuendea misa, na Paskazia aliliweka kwenye mfuko mpya akajisikia kwamba ameomba msamaha, na umepokewa. Hakuna mtu aliyemwambia asifue. Huko Didia ni jambo ambalo hata mtoto analijua, na watu hawana desturi ya kueleza kinachojulikana.

Jumamosi alipanda basi la Shinyanga alfajiri, akashuka Didia, akaelekezwa njia kati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Kaya ya akina Thobias ilizungukwa na ua wa minyaa. Watu walikuwa wengi, wanawake ndani na kwenye kivuli cha ukuta, wanaume upande wa zizi. Kaburi lilikuwa limechimbwa pembeni mwa la baba yake, si refu sana, lakini la kweli, na udongo umelundikwa kando tayari. Paskazia alipoliona shimo lile alishika mfuko wake vizuri. Alishukuru Mungu kwamba ana cha kutia.

Deogratias alinyamazisha watu. "Huyu ni mama mwenye nyumba alikokaa mtoto wetu. Ametoka Kahama kwa ajili yetu. Ameleta nguo yake." Minong'ono ya shukrani ikapita. Bibi mmoja akamwombea dua kwa Kisukuma. Paskazia akaenda mbele, akapiga magoti, akampa Mama Thobias lile shati kwa mikono miwili.

Mama Thobias aliliona akalitambua kabla halijakunjuliwa. Alitoa sauti ndogo. Akalikunjua, akagusa ule mshono wa kola, akaliinua, akaweka uso wake ndani.

Wote walisubiri. Wanawake walikuwa tayari kupokea kilio chake, kama inavyofanyika, yeye aanze nao waitikie. Hakuanza. Aliutoa uso, akaligeuza shati, akanusa kwapa moja, akanusa la pili. Akanusa mgongo. Akawa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha gizani.

"Si lake?" Deogratias aliuliza polepole.

"Ni lake. Kola nilishona mimi." Aliinua macho yake kwa Paskazia, hayakuwa na hasira hata kidogo. "Lakini hayumo. Nani amelifua?"

"Mimi," Paskazia alisema.

"Kwa nini, mayu?"

Ndipo Paskazia alipoanza kuelewa, kutoka kwenye nyuso zao kwanza kabla ya maneno. Deogratias alimweleza, kwa upole wa mtu aliyechoka. Haizikwi nguo. Nguo ni kipande cha pamba, imejaa dukani. Kinachozikwa ni jasho lake. Nguo huletwa kama mwenyewe alivyoivua.

Angeweza kusema hakujua, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema alitaka kuwapa kitu cha heshima, na hiyo pia ilikuwa kweli. Alijaribu. Alifungua mdomo na maneno hayo yalikuwa pale, yamejipanga, lakini yule mama bado alikuwa anamtazama akingoja kujibiwa, na uongo mmoja ulishamshinda kuubeba.

"Lilikuwa dekio," alisema. "Nilivunja kufuli lake. Mwenyekiti alinikataza, nikavunja. Vitu vyake nilichoma moto, godoro, blanketi, nguo zote. Hili nilibakiza nikadekia korido. Ulipokuja nilikudanganya. Nikaona aibu kukuletea tambara la miguu, nikalifua."

Kelele zikazuka upande wa wanaume. Mmoja akasema apelekwe polisi, hii ni kesi, mtu hana haki ya kuvunja mlango hata kama nyumba ni yake. Mwingine akauliza wanangoja nini. Paskazia alibaki amepiga magoti. Deogratias aliinua mkono, wakatulia, akamtazama shemeji yake aamue.

"Kesi itanipa nini?" Mama Thobias alisema. Alilikunja lile shati kwenye mistari ya pasi, taratibu, likarudi kama lilivyokuja. "Afadhali ungeniletea dekio, mayu. Ungeniletea na matope ya miguu ya watu wote wa Kahama. Hayo matope yasingenidhuru, mwanangu amekaa kwenye matope. Chini yake angekuwepo." Akalirudisha mikononi mwa Paskazia. "Hili siwezi. Siwezi kuzika sabuni."

Sasa hapo palikuwa na shimo limechimbwa, na kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Wazee walianza kushauriana kwa sauti za chini. Mmoja alitaja kuzika mgomba badala yake. Mwingine akatikisa kichwa. Wakati wanashauriana, Mama Thobias aliinuka peke yake, akaenda mpaka ukingoni, akafungua kile kitenge cha mabegani alichokuwa nacho tangu habari ilipofika, alichosafiria, alicholalia, ambacho hakukifua kwa sababu wakati wa kufua haukuwepo.

Wanawake walielewa kabla ya wanaume. "Usijizike, mayu!" mmoja alipiga kelele, na wawili wakakimbia kumshika.

"Shemeji," Deogratias alisema. "Nguo ya mtu aliye hai haiingii humo. Unajua."

"Najua."

"Unajua maana yake."

"Nimembeba mgongoni kwa kitenge, Deogratias, nikipalilia pamba, jua la saa sita. Jasho lililokuwa katikati yetu lilikuwa la nani? Nani aliligawa?" Aliwatoa wale wanawake mikononi mwake bila nguvu nyingi, nao wakamwachia. "Mimi sina jasho lake lingine. Ni hili tu nililobaki nalo, langu." Akainama, akakilaza kitenge chini shimoni, akakinyoosha pembe zake kama anamtandikia mtu. "Fukieni."

Hakuna aliyeshika jembe. Deogratias alisimama muda mrefu, anaangalia lile shimo, bila shaka akiliona na lile lingine la porini. Mwishowe akaenda yeye mwenyewe, akavuta udongo, na wengine wakafuata. Ndipo kilio kilipopanda, lakini hakikuwa kile walichojiandaa nacho. Walikuwa wanamlilia mtu aliyesimama mbele yao.

Kulikuwa na upepo na mawingu siku ile. Watu walipokwenda kula, Mama Thobias alikaa chini kando ya ule udongo mpya, mabega wazi, ametoka vipele vya baridi. Paskazia alimsogelea. Alivua khanga yake ya juu, akataka kumfunika.

"Hapana, mama," yule mwanamke alisema. Hakumwita mayu tena. "Acha nisikie baridi. Kitenge changu anacho yeye."

Paskazia akabaki amesimama, khanga mkono mmoja, mfuko wenye shati mkono mwingine, analia kama mtu aliyefiwa, wala hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Alisimama hivyo mpaka Deogratias alipokuja kumwambia kwamba basi la Kahama linakaribia kupita, na kama anataka kuondoka, aondoke sasa.